Kuku wa Mkwe

Balbina wa Viwanja Sitini anajulikana kwa kuku wake. Si wengi, lakini ukipita uani utawaona wanatembea kama wenye nyumba. Mwaka juzi kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilifagia banda lote, akabaki tetea mmoja aliyekuwa ameatamia nyuma ya ghala la mpunga. Hawa wa leo wote ni uzao wa yule. Na safari hii walikuwa na kazi: bintiye Edna amekuja kujifungulia nyumbani, na mzazi kwetu hunyweshwa mchuzi wa kuku mpaka nguvu zirudi.

Ndipo mkwe wake Agnella, mama wa mumewe Edna, akafika kutoka Mofu na matetea wawili kwenye tenga.

"Mkwe, sikuja mikono mitupu!"

Sasa niambieni nyie. Kuku mgeni hutengwa kwanza, Balbina analijua hilo. Lakini kuku wa mkwe utamfungiaje mbele ya macho yake? Si ni kumwambia umeniletea ugonjwa? Akashukuru, akafungua tenga, akawaachia katikati ya wake. Agnella akatazama, akanyamaza.

Asubuhi mgeni mmoja alikuwa amejikunyata, mbawa zimeshuka. Chini yake kinyesi cha kijani.

Mwaka juzi kideri kilianza hivyo hivyo. Na kuku wake walikuwa wanachakura palepale! Jogoo akapiga chafya. Balbina akashika ukuta.

"Mama, mbona kimya?" Edna aliita toka ndani.

Agnella akatokea, mswaki mdomoni.

"Mkwe, nisamehe," Balbina alisema. "Nilipaswa kuwatenga. Niliogopa utaona nakudharau."

"Kumbe! Na mimi jana nikashangaa, mbona anawaachia tu? Kwetu kuku mgeni anafungwa kamba mguuni, anakaa jikoni mpaka apazoee. Nikasema ninyamaze, nisimfundishe mkwe kazi kwake."

"Adabu hii itatumalizia kuku."

Wakamkamata yule tetea. Kichwani alikuwa na vidonda vya kudonolewa. Agnella akampapasa chini ya shingo: patupu.

"Hajala tangu Mofu. Hawa wako wamemfukuza hata kwenye maji, wachoyo wakubwa! Njaa nayo huleta kinyesi cha kijani."

"Na kideri?"

"Na kideri nacho."

Wakawafunga wageni wote wawili jikoni, bakuli lao mbali na la wenyeji. Yule mgonjwa akatumbukiza mdomo majini, akainua kichwa, akanywa tena. Balbina akabaki amechuchumaa pale, hathubutu kufurahi.

Kila alfajiri alisimama mlangoni pa banda kabla ya kufungua, anasikiliza. Hakufa hata mmoja. Edna alipojifungua mtoto wa kike, mchuzi wa kwanza ulitoka kwa jogoo wa pale pale uani. Wageni waliingizwa bandani baadaye, jioni moja, wenyeji wakiwa wameshalala, ili wote waamke pamoja.

Ila mpaka leo, kuku akipiga chafya, Balbina huacha sufuria motoni akatoka mbio.