Kishindo cha Nyuma Kushoto

Miaka ile siasa zilipopamba moto, kabla ya uhuru, nilikuwa dereva wa gari ya abiria baina ya Wesha na Ole. Lilikuwa lori lililojengewa bodi ya mbao, mabenchi ndani, mizigo juu ya paa. Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa Chake. Fundi wetu alikuwa kaka wa mke wangu.

Mimi na shemeji yangu tulikuwa tukila sahani moja, mpaka vyama vilipoingia. Yeye alichukua kadi ya kule, mimi ya huku. Watu walikuwa wakisusiana maduka, wakisusiana hata maziko. Sisi hatukugombana. Tuliacha tu kucheka pamoja.

Jumatatu moja nilimpelekea gari aipake grisi na kukaza springi za nyuma. Jumatano, nikipanda kutoka Wesha na magunia ya mchele juu ya paa, gurudumu likaingia shimoni, nikasikia: ko! Mbele kidogo, ko! tena. Nyuma, upande wa kushoto.

"Dereva," bibi mmoja alipiga kelele, "hapa chini yangu pana mtu anagonga!"

Abiria walicheka. Mzee aliyekaa nami mbele, mtu wa chama changu, hakucheka. Aliniinamia akaniuliza, "Nani aliyeishika mwisho gari hii?"

"Shemeji yangu."

"Aha," alisema, akageuka kutazama njia.

Aha ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilianza kukumbuka mambo. Jumatatu shemeji hakunitazama usoni alipoipokea gari. Alinambia nende zangu, atanituma mtu ikiwa tayari. Kwa nini hakutaka nibaki?

Sikurudi kwake. Nilikwenda Wete kwa fundi mwingine, mwenzetu kwa kadi. Alilala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. "Huu mkono wa mtu," alisema. Alibadilisha bushi za springi, akatia shokamzoba nyingine, kile chuma cha kupunguza mtikisiko. Nilirudi kwa furaha mpaka shimo la kwanza. Ko!

Hapo nikaingiwa na fikra kwamba shemeji anakuja kuilegeza gari usiku, wakati imelazwa pale sokoni. Nikachukua chokaa, nikachora mstari juu ya kila nati ya nyuma, mstari utoke kwenye nati ushuke mpaka kwenye chuma. Nati ikizungushwa hata kidogo, mstari utakatika. Kila asubuhi nikipiga magoti kutazama. Mistari yote ilikuwa vile vile. Badala ya kutulia, nikawaza: labda anaifuta, kisha anaichora upya.

Wiki ya pili mke wangu alinambia, "Abiria wanalalamika. Kwa nini humwiti kaka yangu?"

"Kaka yako ndiye aliyeishika."

Alikuwa anakuna nazi. Mkono ulisimama. "Wasema nini weye?"

Kesho yake alijitia buibui akamwendea kaka yake mwenyewe, na adhuhuri shemeji akaja na spana zake ndani ya kikapu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza maswali kama tabibu. Yagonga ukikanyaga breki? Hapana. Yagonga gari tupu? Kidogo. Ikiwa na mzigo? Sana. Akasema, "Basi shokamzoba haina kosa. Panda juu, uitikise."

Nilisimama pembeni mwa bodi nikaitikisa kwa uzito wangu. Yeye alikuwa chini, amebana springi kwa kiganja, akihama pahala mpaka pahala. Alinambia baadaye kwamba sikio linadanganya, maana sauti hupita kwenye chuma ikatokea kwengine, lakini kidole hakidanganyi. Mara akasema, "Basi. Hapa."

Alipiga jeki, akaishusha springi, akayatenganisha majani yake, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Jani la tatu lilikuwa limekatika vipande viwili chini ya kifungo kinachoyabana pamoja, pahala palipozibwa na tope na grisi. Alipangusa kipande akanionyesha. Nusu ya ule mvunjiko ilikuwa na kutu, nusu inang'aa.

"Penye kutu ni ufa wa zamani," alisema. "Panapong'aa ni mzigo wako wa mchele. Jumatatu ile nilipaka grisi juu kwa juu, sikuifungua. Ningeifungua ningeuona ufa. Kosa hilo langu, nalikubali."

Kisha akanyanyua nati moja, akaielekeza kwenye jua. "Na chokaa hii?"

Nilitaka kusema ni ya fundi wa Wete, lakini nilijua hatanisadiki.

"Kila nati," alisema taratibu. "Umenifanya mwizi, shemeji."

"Siku hizi mtu hajui amwamini nani," nilisema.

"Mie nilikuwa nikijua."

Alitafuta jani katika springi kuukuu, akalipima kwa uzi, mhunzi akalitoboa tundu la katikati. Alasiri ile ile aliirudisha springi, akaikaza, tukapakia magunia, akaikaza mara ya pili mzigo ukiwa juu. Tulikwenda naye mpaka Wesha na kurudi. Kila shimo lililokuwa likigonga lilipita kimya, na sisi wawili mbele kimya vile vile.

Nilimwomba radhi mbele ya mke wangu. Alisema amesamehe, na nyumbani kwetu akaendelea kuja. Lakini tangu siku ile, kila nilipompelekea gari hakukubali kuigusa peke yake. Hata kama ni kubadilisha gurudumu tu, aliniwekea kigoda pale bandani akanambia, "Kaa hapa, shemeji, utazame mikono yangu." Na mimi nilikaa nikaitazama, mpaka amalize.