Gari Jekundu la Fundi

Fundi jirani yetu huunda magari ya kuiga yale ya Kiitaliano ya zamani, ya mbio. Bodi huifinyanga mwenyewe kwa faiba, kisha huipapasa kwa mgongo wa mkono, maana viganja vimeota sugu na havisikii tena. Nikipita na mwanangu mgongoni namkuta amefumba macho, anapapasa. "Hapa pamevimba kidogo, shemeji," huniambia, nami sioni kitu.

Jana alikuja mteja, mama mtu mzima, kulitazama gari jekundu ambalo fundi amelihangaikia mwaka mzima. Hata hajakaa, fundi akafungua boneti. "Mama, nisikufiche. Injini ni ya gari la mkate. Breki za pikapu. Nimeliinua kwa sababu ya mashimo ya barabarani, lile lenyewe la Kiitaliano lingekwama hapo kona. Na ukizidisha mwendo, mlango wa kushoto unaanza kusalimia watu."

Mkewe, dirishani, akajishika kichwa. Wateja wawili walishakimbizwa na maneno hayo hayo, na gari bado limewajazia ua. "Baba wee, mwache mtu apende kwanza!"

Fundi akafuta boneti palipokwisha kufutwa.

Mama yule akajiingiza ndani ya gari kwa shida, akacheka, akajitengeneza mtandio kwenye kioo. "Sasa mwanangu, nikienda mbio watu wataniona saa ngapi? Lete funguo."

Fundi akaifunga boneti kwa mikono miwili, polepole, kama ninavyomlaza mwanangu akishasinzia.