Chombo Kilichotua Kwenye Maharagwe Yangu

Wajukuu wangu walileta kutoka mji wa Sake sayari iliyokwisha kutungwa, imechapwa kwenye karatasi, kwa ajili ya mchezo wao wa kusafiri angani kwa maneno na kete. Mtawala wa sayari hiyo alikosa mchezaji, wakanipa mimi nafasi hiyo. Chombo chao kilipotua, kimeishiwa mafuta, niliuliza kimetua wapi.

"Kwenye majani, Koko."

"Hayo ni maharagwe yangu. Nani aliwakaribisha?"

"Koko, hii njo muchezo tu! Utupe mafuta turudie kwetu."

Nilikataa. Wakatoka nje, wakapiga hodi, wakanisalimu mmoja mmoja. Bado nilidai fidia, nayo ilipwe hapa duniani. Walipomaliza kupalilia shamba langu la mlimani, niliwajazia mafuta, nikawatakia safari njema.