Vibonye Vinne Vilivyonyamaza

Mwezi uliopita nilipanda milimani, kijijini kwetu Mamba, kufuata barua ya mtendaji wa kijiji, ile inayotakiwa kwenye kila maombi ya kazi. Mtendaji hakuwepo. Nikaambiwa nisubiri, na mimi nikisubiri huwaza, nikiwaza miguu huondoka yenyewe. Nilishtukia nimesimama mbele ya nyumba ya mpiga piano.

Labda nawe utotoni ulikuwa na nyumba kama hiyo, ambayo watu wazima waliipita haraka kidogo. Yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma ya migomba, na ndani kulikuwa na piano iliyoachwa na wamisionari. Mwenye nyumba alizaliwa hapo hapo kijijini, akajifunza kinanda kanisani, akatoroka kwenda Dar es Salaam, kisha Nairobi, kisha Ulaya, akipiga jazi. Mwalimu wetu alituambia kwamba huko alijulikana kwa kitu kimoja: wenzake waliujaza muziki, yeye aliupunguza. Alichukua nyimbo ambazo mama zetu huimba wakilima, akaziingiza kwenye jazi, halafu akazitoa noti moja moja mpaka zikabaki kama ua la mabua lililotobokatoboka. Alirudi akiwa mzee, peke yake.

"Kazunguka dunia nzima," bibi yangu alikuwa akisema huku akigeuza tangawizi juu ya jiko, "na bado hajui kumaliza wimbo." Lakini kila siku alinituma nimpelekee makande, na bakuli la mzee lilijaa kuliko langu.

Ukungu wa kwetu hushuka saa tisa mchana, ukaingia dirishani kama mwenyeji. Nguo hukaa kwenye kamba wiki nzima. Piano nayo ilikunywa maji hayo, na vibonye vinne vilikuwa vimekufa kabisa.

"Shikamoo babu," nilisema siku ya kwanza.

"Marahaba, mama. Njoo uwasalimie wenzangu." Akavigusa kimoja kimoja. "Huyu ni besi. Huyu ngoma. Huyu tarumbeta. Na huyu alikuwa anaimba."

Bendi yake yote ilikuwa imekwisha kufa, mmoja mmoja, nchi za watu. Kila habari ya msiba ilipomfikia, alisema, kibonye kimoja kilinyamaza. Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Alipopiga, hakuviruka vile vilivyokufa. Alikibonyeza kimoja, akasubiri, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, ndipo akaendelea. Mimi niliyekaa sakafuni nilisikia mlio wa mbao tu. Nadhani ni mbao. Lakini ukungu ulipokuwa mzito, mara mbili au tatu nilikisikia alichokuwa akikisubiri, chembamba, kikitokea upande wa chumba ambao haukuwa na piano.

Basi ikaja habari kwamba mtu wa kurekodi angetoka Dar siku ya Jumamosi. Katika nyimbo alizozitunga mwenyewe, hakuna hata mmoja uliokuwa umewahi kurekodiwa. Mzee alipiga pasi suti ile ile siku tatu mfululizo. Nikamsikia mwalimu akimwambia bibi, "Mgeni atoke Dar kote huko aje kusikiliza piano mbovu? Tutachekwa!" Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilikuwa mtoto wa kubeba mambo yasiyonihusu.

Ijumaa mzee alishuka mjini Same kufuata miwani. Nilichukua jiko la bibi, nikafunika makaa kwa majivu, nikaliweka karibu na piano, vile vile tunavyokausha tangawizi msimu wa mvua. Kufikia mchana kibonye cha besi kilitoa sauti. Kisha ngoma. Kisha tarumbeta. Cha nne kililia kabla sijakigusa.

Mzee alirudi pamoja na ukungu. Alikaa, akaanza kupiga, akafika mahali pake pa kusubiri, na noti ikalia kwa nguvu chumba kizima. Akaondoa mikono kama aliyeungua.

"Nani kawafukuza?"

"Ni mimi, babu. Nimeikausha, ili mgeni asikucheke."

Akanishika kichwa. "Hukujua, mama." Akafunga kifuniko.

Jumamosi mgeni alikuta chai ya tangawizi na mzee aliyevaa suti. Alibembeleza mpaka jioni. Mzee alimjibu jambo moja tu, kwamba bendi haijatimia. Hakupiga siku ile, wala siku nyingine mpaka tukamzika. Mvua zilirudi, vibonye vikafa tena, lakini vingine, si vile vinne.

Chuoni nilisoma kuhusu mbao na unyevu usiku na mchana. Kila kitu kina maelezo. Nimeyarudia mara nyingi sana na hayajanisaidia kulala.

Sasa nyumba ina wapangaji na piano imeliwa na mchwa. Kwa kuwa hakuna mahali pengine wimbo wake ulipobaki, niliuimba pale barazani, polepole, nikiupiga kwa vidole juu ya goti. Nilifika mahali pa kwanza pa kunyamaza, nikasubiri.

Jirani aliyekuwa akianika tangawizi uani aliinua kichwa. "Binti, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, mama," nilisema. Ukweli ni kwamba sikukumbuka kinachofuata.