Mawe ya Susu

Simiti mbichi ikimwagiwa maji hutoa harufu ambayo watu wengi huipenda. Wanasema ni harufu ya maendeleo. Mimi hunikaba. Juzi nilipita mahali vijana wa mjengo wanamwagilia ukuta mpya, nikajikuta nimesimama barabarani, nina miaka tisa tena na mdomo nimeufunga. Nilimweleza mume wangu, akasema ni mambo ya kitoto. Haya, nawaeleza ninyi, ila msiniambie hivyo.

Kabla ya kuhamia Machakos tulikuwa wapangaji sugu. Sisi asili yetu ni Bungoma, lakini baba alikuwa akikata vitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, nasi tuliishi Athi River katika chumba kimoja, kisha kingine, kisha kingine. Kila mwenye nyumba alipopandisha kodi, mama alitoa magunia chini ya kitanda na kuanza kupakia. Nilibadilisha shule mara tatu. Mara tatu nilisimamishwa mbele ya darasa geni niseme jina langu, na mara tatu wakacheka, maana naitwa Nafula, jina la aliyezaliwa wakati wa mvua, na kila darasa lina mjinga wake wa kuuliza kama nimekuja na mvua. Mara ya mwisho tulihama Jumapili, na rafiki yangu mmoja tu niliyekuwa naye sikumuaga. Nililia njia nzima. Baba alinibembeleza kwa msemo wake, "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akimaanisha nyumba za kupanga. Siku nyingine neno hilo la mwisho lingenichekesha. Siku hiyo halikunichekesha.

Ndipo mwenzake kazini akamwambia kuhusu ploti za Machakos. Unapita Kyumbi, unaingia, unafika pembezoni mwa mji, na kwa bei ambayo Athi River ingekupa mlango na fremu yake, unapata futi hamsini kwa mia. Na mji wenyewe si kijiji. Una hospitali, una soko, una shule za kuchagua, na muuza sukuma wiki anakujua jina kabla wiki haijaisha. Mama alikwenda kuuona akarudi na neno moja: "Unapumulika." Baba akanunua kwa mtu aliyeitwa Mutiso, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akitafuta karo ya kijana wake.

Tuliingia kwenye kibanda cha mabati kilichosimamishwa kwa siku moja upande wa juu wa ploti. Mchana kilitukaanga na Julai kilitugandisha, lakini hapakuwa na mtu wa kukokota viti juu ya vichwa vyetu. Jioni ya kwanza baba alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Hapa hatuhami tena. Labda mnibebe kwenda kunizika." Mtoto hajui tofauti ya maneno ya furaha na kiapo. Mimi niliyachukua kama kiapo, nikakilalia.

Sasa, kwenye kona ya chini ya ploti, karibu na mikonge miwili, palikuwa na mawe saba. Mawe mengine yote pale kwetu yalikuwa makali, ya kukata miguu. Haya saba yalikuwa laini, ya mtoni, na yamepangwa duara. Mimi niliona jambo moja tu: jiko la kalongolongo. Matatu nikayafanya mafiga, mengine viti. Ndugu yangu mdogo, Barasa, alikuwa mume wangu, na alikula udongo wangu kwa heshima kuliko waume wengi wanavyokula wali.

Msimcheke baba kwamba hakushuku kitu. Kwetu Bungoma kaburi hulikosi. Liko mbele ya nyumba, lina simiti, lina jina la mtu, na usipoangalia utajikwaa nalo ukienda chooni. Alipita kwenye ile kona mara nyingi akiona mawe mazuri tu, na akawa anayahesabu kwenye msingi wa nyumba.

Ijumaa moja, siku ya soko, akaja bibi mmoja mzee akitoka mjini, kiondo mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso. Sote mtaani tulimjua kama Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Alikuwa mama yake Mutiso. Alishuka moja kwa moja mpaka pale nilipokuwa nikisonga ugali wa matope, akasimama.

"Mwana, haya mawe nani ametoa?"

"Ni mimi, Susu. Nilikuwa nacheza."

Alitua kiondo polepole. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana mama yangu angekuwa amekwisha kuvua kiatu.

"Hapa mimi niko na mtoto," alisema. "Alikaa siku mbili. Hata jina hakungoja. Mutiso alikuwa hajazaliwa."

Akapiga magoti. Akayachukua mawe yangu ya jikoni moja moja, akayafuta matope kwa ncha ya leso, na kunionyesha kila moja linakaa wapi. Nilimsaidia. Nilikuwa nimeona aibu mpaka masikio yanawaka. Kichanga huku hakikufanyiwa matanga, aliniambia, kilizikwa na wanawake wawili na kunyamaziwa. Kwa hiyo alikuwa akipita tu, kila siku ya soko, akitoka kuuza machungwa, akae kidogo kisha aende nyumbani kupika.

"Mutiso aliniambia hii kona inabaki inje ya waya. Sasa naona waya imepita kule. Ambia baba yako asichimbe hapa. Pengine pote achimbe. Utamwambia?"

"Nitamwambia, Susu."

Akanipa chungwa.

Mtauliza mbona hakumngoja baba amwambie mwenyewe. Nami nimejiuliza sana. Siku hizi naona kwamba kumwambia mnunuzi, mtu mzima kwa mtu mzima, kungekuwa kumshtaki mwanawe kwamba ameuza kaburi. Kupitia kwa mtoto, jambo lingefika bila kelele, na uzio ungesogezwa bila mtu kuaibika. Ulikuwa mpango wa mtu mwenye busara. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni mimi.

Kwa maana jioni ile nilikwenda na neno langu mdomoni kabisa. Nikamkuta baba amelaza katoni mezani na kuchora nyumba kwa kalamu ya chaki. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona kwa wiki nyingi. Kiwandani walikuwa wameanza kupunguza watu, na nilikuwa nimemsikia akimwambia mama kwamba kama nyumba haitafika kwenye paa kabla ya mwaka kuisha, tutauza turudi Bungoma. Sasa fundi alikuwa amekuja kuangalia. Upande wa juu, alisema, ni mwamba mtupu, unataka mashine. Kunakochimbika kwa sururu ni upande wa chini tu. Na pale kwenye kona ya chini, baba alikuwa amechora kachumba na kuandika herufi moja kubwa: N.

"Chumba chako, Nafula. Chako peke yako."

Nikala ugali wangu. Nikajiambia nitasema kesho. Na kesho yake ilikuwa Jumamosi, na mafundi wakaja.

Fundi mkuu aliitwa Kioko. Nilikaa juu ya mtungi wa maji nikamtazama akiyaokota yale mawe saba na kuyarusha kwenye rundo la mawe ya msingi. Bado ningeweza kusema. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi. Akachimba, akachimba, kisha akasimama ghafla, akainama. Akamwita mwenzake wakaongea kwa Kikamba, chinichini. Kioko akavua kofia.

Baba alikuwa akija na ndoo, akipiga mluzi. "Kuna nini, fundi?"

Kioko alimtazama. Akatazama ule mtaro. Ilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya muda mrefu, hilo mtaa mzima ulilijua.

"Hakuna, mzee. Ni mizizi tu."

Akavaa kofia yake. Mimi nikashuka kwenye mtungi, nikaenda nyuma ya kibanda.

Ijumaa mbili zilizofuata mvua ilinyesha na Susu hakupita. Ya tatu alipita. Msingi ulikuwa umejaa, sakafu imemwagwa, na baba, ambaye kiwanda kilikuwa kimempa likizo asiyoiomba, alikuwa akiimwagilia maji. Baba yangu ni mtu wa watu. Kumwona bibi mzee amesimama pembeni kulimtosha.

"Karibu, Mama! Karibu uone nyumba!" Akakimbilia kiti chetu cha plastiki, akakifuta kwa shati lake, akakitafutia mahali penye kivuli. Mahali hapo palikuwa kwenye kona ya chini. "Keti hapa, Mama, upoe."

Susu alikitazama kile kiti. Kisha akanigeukia.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia," nikasema.

Nawaambia ukweli, sikufikiri. Uongo ulitoka wenyewe, na ndani yake nikamtupa baba yangu mzima mzima, kwa kujiokoa na jicho la bibi mmoja. Susu akamwangalia baba, aliyekuwa anatabasamu, suruali imelowa mpaka magotini. Akaniangalia tena mimi, kwa muda mrefu.

"Asante, mimi sitakaa," alimwambia baba. "Mungu abariki hii boma."

Akaondoka kwa barabara kuu. Hakukatiza tena kwetu, siku ile wala siku nyingine yoyote. Baba aliumia. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasimulia wageni, akicheka cheko lisilofika machoni, jinsi watu wa hapa wanavyoringa, na jinsi bibi fulani alivyokataa kiti chake. Nami nilikuwa hapo kila mara, nikipitisha chai.

Nyumba ilifika kwenye paa. Hatukuhama. Nililala katika chumba kile miaka tisa, kitanda nimekisukumia ukuta wa pili, na mama akidhani naogopa mijusi. Nilikutana na Susu njiani mara nyingi. Alinisalimia kila mara, akauliza kama nasoma, nami nilijibu nikitazama viatu. Alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Baba alikwenda mazishini, mimi nikasingizia kichwa. Alirudi akishangaa kwamba walimpokea vizuri sana, wakamkalisha mbele na wazee. Moyoni nikasema hao wanajua kujificha, wanamkalisha mbele mtu waliyemchukia.

Mwaka jana nilimwambia baba. Nilikuwa nimejifungua msichana, na usiku wa pili wa maisha yake sikuthubutu kufumba macho, nikihesabu pumzi zake mpaka kulipokucha. Alipotimiza miezi mitatu nilimbeba mpaka Machakos, nikaketi naye barazani, nikayasema yote, hadi lile neno "nilimwambia".

Hakunigombeza. Aliweka kikombe chake chini. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa koti, akaanza kutembea kuelekea kwa Mutiso. Nilimfuata na mtoto mgongoni.

Mutiso sasa ni mzee mwenye mvi. Baba alianza kuomba msamaha akiwa bado amesimama, maneno yakimpanda na kumshuka, mpaka Mutiso akamshika mkono.

"Mzee Wekesa, wewe hukuambiwa. Sisi tunajua. Mama alijua hiyo siku yenyewe. Alikuja akasema, mtu ameambiwa hawezi kupatia mimi kiti hivyo. Akasema ni msichana aliogopa nyumba ivunjwe, tumwache, tusimwambie mtu. Mwenye makosa ni mimi. Ni mimi niliuza."

Baba aliketi. Mimi nilibaki nimesimama. Nikawakumbuka mmoja mmoja: mke wa Mutiso aliyeniletea kalamu mpya asubuhi ya mtihani wa darasa la nane, vijana wake walionipokea mizigo nikitoka shule ya bweni, Susu mwenyewe na maswali yake ya njiani. Wote walijua. Siri niliyodhani naificha, wao ndio waliokuwa wakinifichia, na mtu pekee aliyefichwa ni baba yangu, ambaye alizeeka akiamini kwamba hapendwi mahali anapoishi.

Chumba kile hakilaliwi tena. Baba amekifunga, na hajasema atafanya nini nacho. Mimi nimekuwa nikiwaza hesabu ya siku ile, maana niliifanya vibaya. Niliogopa kuhamishwa mara nyingine tena, na ningehamia wapi? Bungoma, kwa nyanya yangu, ambako kuna chakula na kitanda. Susu alihamishwa mara moja tu, na hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo angeweza kukaa na mtoto wake.