Pembe ya Babu na Dadu ya Wafula

Sijivunii kuisimulia hii, na kama si mke wangu Wangari kuwamegea kipande kila tukikutana (tena anaongeza chumvi yake), ningezikwa nayo. Aibu yenyewe niliipika kwa mikono yangu.

Miaka ile ya themanini nilikuwa karani hapa Nyeri, nimepanga chumba mtaa wa Skuta, na Mzungu mmoja mwalimu aliyekuwa akirudi kwao akamwachia rafiki yangu Wafula, askari polisi kutoka magharibi, kitabu cha mchezo na mfuko wa dadu. Si kamari, msianze. Kila mtu anajifanya shujaa, Wafula anasimulia hatari, dadu zinaamua kama utapona. Sasa, vitu vya mashujaa kitabuni vilikuwa vya kwao huko, panga na ngao tu, nikaona haifai, nikajitolea kuandika vya kwetu kwenye daftari: mkuki wa ukoo, mkanda wa nyanya wa kubebea kuni (anayeuvaa hachoki), na pembe ya babu, ambayo shujaa akiinywea, wazee wote wanakubali maneno yake.

Pembe ya babu ilikuwepo kweli, imetundikwa ukutani kwa baba kule Wamagana. Nikajiuliza, kwani nikiichukua jioni moja itapungua nini? Sikumwambia mtu. Tukatikisia dadu ndani yake, ikalia vizuri ajabu, na Jumapili nikairudisha baba akiwa kanisani. Wafula akalalamika kwamba dadu yake moja imepotea, ile ndogo ya sura nne yenye ncha kali, nikamwambia atafute chini ya kitanda.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa kina Wangari kumposa. Mnajua mambo yetu: baba wa kijana anamimina uji kwenye pembe ya ukoo (sisi watu wa kanisa pombe tuliiacha), msichana anaulizwa mbele ya watu kama wazee wanywe, akikubali baba yake anakunywa, na hapo ndipo maneno yanaanza. Asipokunywa, hakuna ndoa. Wangari alikubali, nikafurahi. Mzee Gichuki, baba yake, akainua pembe ya babu, akapiga funda moja, akasimama, akatia vidole mdomoni na kutoa kitu chekundu chenye namba.

"Hii ni nini iko ndani ya uji?"

Ningenyamaza labda ingepita, lakini Wafula, niliyemwalika mimi mwenyewe anisindikize, akainuka na furaha yake yote: "Ndio hiyo. Wiki nzima tunaitafuta."

Shangazi yake Wangari akauliza kama sisi ni watu wa mundu mugo, maana huyo ndiye hutikisa vitu kibuyuni akasoma bahati ya watu. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Alinitazama, nikatamani ardhi inimeze, na kwa kuwa haikunimeza ikabidi nieleze, na kadiri nilivyoeleza (joka, pango la Timau, mimi na mkuki) ndivyo nilivyozidi kuzama.

"Sasa hiyo pembe ya shujaa wako," Mzee Gichuki akasema, akipangusa ufizi, "inafanya nini?"

"Inafanya wazee wakubali maneno yake, baba."

"Na kama aliichukua bila kupewa?"

Hilo nalo nilikuwa nimeliandika. "Inamgeuka."

"Nani aliandika hivyo?"

"Ni mimi."

"Uliandika vizuri," akasema, akaiweka pembe chini.

Tukarudi na uji wetu. Kwa miezi sita baba akawa anaenda kwa wale watu peke yake kuomba radhi, na Wangari akaningoja, Mungu ndiye anajua kwa nini. Siku walipokubali kunywa, baba alichungulia ndani ya pembe mara mbili kabla ya kumimina, na mambo yalipokwisha akampa Wangari hiyo pembe mbele ya wote. "Ikae na huyu," akasema. "Huyu hachezi nayo."

Mimi ndiye kifungua mimba, pembe ilikuwa iwe yangu. Sasa iko kabatini mwa mke wangu na ufunguo anao yeye. Dadu natikisia kwenye kopo la kakao, na hata hilo kopo niliomba kwanza.