Shabu na Klorini Bwawani

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani pale kiwanda cha korosho Newala, nawaambia nilikuwa nafuga bakteria. Wacheke, wakimaliza nitaendelea. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayobabua ngozi, kila aliyewahi kubangua anayajua, na maji ya kiwandani hutoka na mafuta hayo. Miaka yote yalimwagwa korongoni, yakashuka hadi bondeni anakochota maji mama mmoja jirani yangu. Wajukuu zake walikuwa wanajikuna mpaka damu. Nilimwahidi kwa mdomo wangu kwamba hayatashuka tena mpaka bakteria wawe wameyasafisha.

Tajiri mwenye kiwanda alikubali shingo upande, likachimbwa bwawa. Nikaenda mpaka Nanganga kutafuta samadi mbichi, maana bakteria wa kuanzia wamo humo. Nikarudi nyuma ya pikapu nimekalia viroba, nanuka. Mtoto wa walimu wa Chidya, kasomeshwa kwa jasho la watu, anarudi na mavi ya ng'ombe! Wabanguaji walinitania wiki nzima.

Na bakteria wenyewe wanadeka, usione hivi. Wanataka hewa, kwa hiyo kuna pampu, na pampu inataka umeme, na umeme wa kwetu unajulikana. Ukikatika nachukua mti nakoroga kwa mikono. Taratibu maji yakatoka kwenye weusi yakawa ya kahawia, yana povu, yananuka tope. Nilifurahi sana, kwa sababu bakteria walio hai wananuka hivyo hivyo. Kilichobaki ni kuwapa muda tu.

Shangazi yangu akafariki Masasi, nikaenda kuzika. Niliporudi nikapitia bwawani kabla hata ya kufika nyumbani. Loh! Maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini. Yananuka kama wodi iliyotoka kupigwa deki.

Meneja alikuwa amesimama ukingoni. Ni rika la baba yangu, na kwetu hata ukiwa na hasira ya kumrarua mtu, salamu kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba." Akauliza wafiwa wanaendeleaje, mazishi yalikwendaje, barabara ikoje. Nikajibu moja baada ya jingine, meno nimeyauma. Ndipo akanyoosha mkono kwa furaha. "Umeliona bwawa lako? Leo tuna mgeni mkubwa, nikaona nikusaidie."

Alikuwa ametia shabu, tope lote likazama, kisha akamimina klorini ndoo kwa ndoo. Ndivyo tunavyofanya Newala. Kila nyumba ina tangi la maji ya mvua, na kila mwenye tangi hutia shabu, halafu dawa. Aliyelelewa huku hawezi kuona maji ya rangi ile akayaacha.

"Baba, umewaua wote!"

"Kina nani?"

"Bakteria!"

"Sasa si ndiyo vizuri?"

Jamani! Nilitamani kujitupa humo humo. Nikamweleza kwamba sumu ya mafuta bado imeyeyuka ndani, shabu haiitoi, na ikikutana na klorini inazidi kuwa mbaya. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa wa malaria anayeweweseka.

Mgeni akaja na tajiri. Akainama, akanusa, akasema haya sasa ndiyo maji. Nikapaza sauti mbele ya wote kwamba hayajawa tayari. Tajiri akanigeukia. "Dada, kwani wewe unataka yanuke?" Wakacheka. Kicheko kile nikikikumbuka, damu inanichemka mpaka leo. Tajiri akaifungua koki kwa mkono wake, na maji yakaenda korongoni.

Nikashuka bondeni mbio, viatu mkononi. Kumkuta yule mama, tayari anapanda, ndoo imejaa kichwani, ananitabasamia tangu mbali. Hata shikamoo yangu ilitoka nusu.

"Marahaba, mwanangu, Mungu akubariki! Maji yenu leo meupe, yana dawa kabisa. Sikufika hata chemchemi, nimekinga pale pale korongoni."

"Mama, mwaga."

"Nimwage maji?"

Kiangazi, Newala, namwambia mtu amwage maji. Nikaanza kueleza, mafuta, klorini, bakteria, maneno yakagongana mdomoni. Nikaona ananipita, anakwenda zake kwa wajukuu. Nikaishika ile ndoo, nikaishusha, nikaimwaga mwenyewe.

Aliitazama ardhi ikiyanywa yote.

"Miaka yote yalipokuwa meusi," akasema, "hakuna aliyekuja kunimwagia. Leo yametakata, ndiyo umekuja wewe."

Akaokota ndoo yake, akageuka, akashuka tena korongoni.